Ukitaka Kuhamia Morogoro, Anza na Kalenda ya Chuo

Wanaohamia Morogoro huvutwa na mambo yale yale: safu ya Uluguru inayoonekana karibu kutoka kila mtaa, mboga na ndizi zinazoshushwa mlimani kila alfajiri, na sasa treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 imeifanya safari ya Dar es Salaam iwe ya saa mbili au pungufu. Wenyewe wanauita mji kasoro bahari, na ukipunga upepo jioni moja pale chini ya mlima utakosa hoja ya kuwabishia.

Kinachosahaulika ni kwamba huu ni mji wa chuo, tena wa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kila mtu anakiita SUA, kipo hapa tangu 1984, mwaka ule ule Edward Sokoine alipofariki kwa ajali huko Dakawa, na kina kampasi mbili ndani ya mji. Mzumbe iko barabara ya Iringa, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati. Chuo Kikuu cha Waislamu kipo, Jordan iko kule Kola, Chuo cha Ardhi na cha Ualimu Kigurunyembe navyo vipo. Ukipanga nyumba Morogoro, umejiingiza katika maisha ya watu hawa hata kama huna mtoto chuoni na digrii huitaki.

Basi haya ninayoyaandika ni ya huyo asiye mwanafunzi: mtumishi aliyehamishwa, mstaafu anayetafuta hewa, mama anayepiga hesabu ya kufungua mgahawa, kijana mwenye kazi Dar anayeifikiria treni. Aliyeko Juja, Njoro, Iringa au Dodoma atakuta mengi yanamhusu, ila mifano yangu ni ya hapa kwa sababu hapa ndipo ninapopajua.

Mwaka unaanza Oktoba

Mji wa kawaida una mwaka wa Januari hadi Desemba. Huku mwaka unaanza wanafunzi wanapomiminika, mwishoni mwa Oktoba na Novemba. Wanasoma muhula wa kwanza hadi Februari au Machi, wanapumzika kidogo, wanarudi kwa muhula wa pili hadi Julai. Baada ya hapo wanaoendelea wanakwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kila mmoja mkoani kwake au alikopata nafasi, na wa mwaka wa mwisho wanaondoka moja kwa moja. Agosti na Septemba kuna mitaa ambayo utadhani watu wamehamishwa kwa amri. Tarehe hazifanani kwa vyuo vyote na husogea mwaka hadi mwaka, lakini kila chuo huweka kalenda yake kwenye tovuti. Ichukue, ichapishe, ibandike ukutani kabla hujatafuta hata dalali.

Ndani ya mwaka huo kuna mzunguko mwingine mdogo, nao ni wa bumu. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa fedha ya chakula na malazi, ndiyo wanayoiita bumu, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Haitoki siku kwa siku. Hutoka kwa mkupuo wa takriban miezi miwili, kwa hiyo kijana wa miaka 20 anaamka asubuhi na kukuta kama laki sita kwenye akaunti. Wewe na mimi katika umri ule tungefanya nini? Wiki ya kwanza ni chipsi kuku, bodaboda hadi mlangoni, viatu vipya na spika inayosikika mtaa wa pili. Wiki ya sita na ya saba ni maharage, miguu, na daftari la madeni dukani. Kisha kinakuja kipindi cha mitihani, UE kama wanavyoiita, na hapo mtaa wote unashuka sauti kwa siku kadhaa, taa zikiwaka hadi alfajiri.

Ukiijua kalenda hii utajua lini kuna foleni benki na lini kuna nafasi kwenye daladala, lini fundi ana muda nawe, lini mwenye nyumba ana kiburi na lini ana unyenyekevu. Karibu kila ushauri ulioko chini unatokana nayo.

Kutafuta nyumba

Usitafute nyumba Oktoba. Ni mwezi ambao maelfu ya vijana, wengine wakiwa na wazazi wao na godoro juu ya bajaji, wanatafuta kitu kile kile. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima, dalali anajibu simu akiwa na wateja watatu nyuma, na matapeli wanafanya kazi yao kubwa ya mwaka: kodi ya chumba kimoja inapokewa kutoka kwa watu wawili au watatu tofauti. Njoo Agosti, ukishindwa njoo mapema Septemba. Vyumba viko wazi, mwenye nyumba amekaa miezi miwili bila kodi, na ukimwomba apake rangi au abadilishe kitasa atakusikiliza. Ukimwambia wewe ni familia au mtumishi, utakaa miaka, hutaondoka kila Julai, atakusikiliza zaidi. Ni silaha kubwa hiyo; itumie.

Dalali wa hapa, kama kwingineko Tanzania, kwa mazoea hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Mlipe ukishakuwa na ufunguo mkononi na mkataba wenye saini. Kabla ya hapo pita ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, na umuulize mwenyekiti jina la mwenye nyumba ile. Swali hilo moja limewaokoa wengi. Ukishahamia utahitaji kwenda pale tena kuandikishwa na kupata barua ya utambulisho, kwa hiyo hujapoteza nauli.

Mtaa gani? Kanuni yangu ni ya miguu. Mwanafunzi asiye na nauli hukaa pale anapoweza kutembea hadi darasani. Simama kwenye geti la chuo, tembea dakika 20 upande wowote, na yote uliyopita ni nchi ya wanafunzi: hosteli za watu binafsi, magetho, steshenari, vibanda vya chipsi. Ndivyo ilivyo kuizunguka kampasi kuu ya SUA kule Magadu na Misufini, na ndivyo ilivyo Mazimbu. Ukivuka mpaka huo kelele hupungua ghafla. Kilakala na Forest, upande wa mlimani, ni mitaa ya siku nyingi yenye familia na ofisi, kuna ubaridi na miti, ila baadhi ya njia za kupanda zitakutesa masika. Kihonda ni tambarare, ni pana, kuna joto zaidi, na ndiko iliko stesheni ya treni ya umeme. Anayefanya kazi Dar asijidanganye na mandhari ya mlima, akapange Kihonda. Bigwa na Kola ni nzuri, lakini kumbuka Jordan iko kule, kwa hiyo kanuni ya dakika 20 inafanya kazi kule pia. Na popote utakapokwenda, uliza maji ya mafuriko yalifika wapi mvua kubwa iliyopita. Mto Morogoro na Ngerengere si mito ya picha tu.

Mzumbe ni habari nyingine. Kijiji cha Changarawe kimeshikamana na chuo kiasi kwamba chuo kikifungwa hata maandazi yanakuwa ya shida. Kama hufanyi kazi pale, sioni sababu ya kuishi pale.

Ukishapata nyumba uliyoipenda, irudie usiku. Chagua Jumamosi, saa nne au saa tano, na ikiwezekana iwe wiki ya bumu. Nyumba iliyo kimya Jumanne asubuhi haijakueleza chochote. Halafu ongea na watu watatu: mwenye duka la karibu, bodaboda wa kijiweni, na mama yeyote unayemkuta anaanua nguo. Waulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na wakati wa mvua hutoka yakiwa na rangi gani. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutegemea Bwawa la Mindu na vijito vya mlimani, na presha ya bomba linalohudumia familia mbili si ile ya bomba lenye hosteli ya watu 40 juu yake. Kama jirani yako ni hosteli, tangi lako mwenyewe si anasa.

Umeme nao: dai luku yako peke yako. Mita ya kuchangia na wanafunzi ni ugomvi uliopangiwa tarehe, maana atakuwepo mmoja mwenye jiko la koili na mwingine mwenye friji, na wote watasema hawakupika wiki hii. Kumbuka pia kodi ya jengo hukatwa kupitia luku tangu 2021, kwa hiyo wewe mpangaji ndiye unayeitoa mfukoni ilhali jengo ni la mwingine. Ongea na mwenye nyumba tangu mwanzo muone itafidiwa vipi, na iandikwe kwenye mkataba.

Kwa wazazi nina neno moja lisilo na mapambo. Ukiwa na watoto wanaobalehe, usipange nyumba ya geti moja na hosteli. Si kwamba wanafunzi ni wabaya. Wengi ni watoto wa watu wenye adabu kuliko sisi. Lakini mtu wa miaka 22 asiye na mzazi karibu, mwenye chumba chake na pesa ya mkupuo, anaishi maisha ambayo mwanao wa kidato cha pili atayaona mazuri mno. Mtaa huo huo, nyumba ya uzio wake, inatosha.

Vitu vya chuo ambavyo ni vyako pia

Hapa ndipo wengi tunapojipunja. Tunavumilia kelele za wanafunzi mwaka mzima halafu faida ya chuo tunamwachia mwanafunzi. Geti lina mlinzi, mlinzi ana sare, na mtu wa mtaani anaona pale si pake. Ingia. Jitambulishe, sema unakokwenda.

Mfugaji ana la kufaidi kuliko wote. SUA ina hospitali ya wanyama, na ndicho chuo kilichozoeleka nchini kwa kuwafundisha madaktari wa mifugo. Mbwa wako akivunjika mguu, ng'ombe akigoma kula, unapo pa kwenda. Kuku wakianza kufa mmoja mmoja, usisubiri wamalizike na wala usiwachinje kuwawahi. Chukua aliyekufa karibuni, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke pabaridi, mpeleke akapasuliwe siku hiyo hiyo. Ukiambiwa ni kideri, angalau utajua kosa ni la chanjo na kundi lijalo utalianza vizuri. Mikoa mingi ya nchi hii mfugaji mdogo hana pa kupeleka kuku aliyekufa. Wewe unapo, kwa nauli ya bajaji.

Mwenye kiwanja aulize miche. Chuo huzalisha na kuuza miche ya matunda na miti, na tofauti ya mche wa chuo na ule wa kando ya barabara ni kwamba huu una mtu unayeweza kumrudia na kumuuliza kwa nini embe halizai. Nunua mwanzoni mwa mvua, si Agosti. Agosti nenda Nane Nane: viwanja viko hapa hapa mjini, na vyuo na taasisi hupanga vipando vyao waonyeshe. Tembea asubuhi kabla ya umati, na uende siku ya katikati ya wiki badala ya tarehe 8 yenyewe, maana siku ya kilele ni ya viongozi na muziki.

Ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, ndani ya SUA. Ni maktaba ya taifa kwa jina na kwa kazi, kwa hiyo uliza mapokezi utaratibu wa msomaji wa nje. Hata kama huhitaji kitabu cha udongo, kijana wako anayejiandaa na mtihani atapata meza, taa na kimya, vitu vitatu ambavyo nyumba nyingi hazina kwa pamoja.

Na kuna ya kuona tu, kwa roho. Kampasi ya Mazimbu ilikuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, Solomon Mahlangu Freedom College, iliyojengwa na chama cha ANC kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, na ikakabidhiwa kwetu 1992. Majengo yapo, makaburi ya waliofia ugenini yapo. Nashangaa idadi ya watu waliokaa Morogoro miaka kumi na hawajawahi kuwapeleka watoto wao. Kuna pia wale panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kazi ya shirika la APOPO pamoja na SUA. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa hapa, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Mgeni wako akisema Morogoro hakuna cha kuona, anza na huyo.

Halafu kuna faida isiyo na geti, ambayo mimi naiweka juu ya zote: watu. Mhadhiri wa magonjwa ya migomba ni jirani yako na anapanga foleni ya maziwa kama wewe. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hesabu anaweza kumfundisha mwanao Jumamosi asubuhi kwa bei ambayo shule za tyusheni mjini Dar zingeicheka. Mlipe kwa wakati, mpe na chakula, na usimwite kipindi cha UE. Anayesoma udaktari wa mifugo anakaa miaka mitano, si mitatu kama wengi, kwa hiyo ukipata mmoja mzuri umepata mwalimu wa nyumbani wa muda mrefu.

Soko la Julai

Wiki mbili za mwisho wa muhula wa pili kuna soko lisilo na jengo. Wanaomaliza wanauza kila kitu: godoro, meza, kitanda cha chuma, jiko na mtungi wa gesi, pasi, feni, ndoo, pazia. Nauli ya kusafirisha kabati hadi Kagera inazidi bei ya kabati, kwa hiyo wanauza kwa hasira. Matangazo hukaa kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye kuta za steshenari. Ukihamia Morogoro Julai na nyumba tupu, utaijaza kwa sehemu ndogo ya gharama ya dukani.

Lakini nunua kwa macho mawili. Friji na feni viwashwe mbele yako, vikae angalau nusu saa. Mtungi wa gesi utikise, upime uzito kama kuna mzani, na uangalie kama una kutu kwenye kitako. Godoro litandue, ulitazame kwenye mishono upande wa chini, maana kunguni wa hosteli hawalipi kodi wala hawahami wenyewe. Simu na kompyuta mpakato ni mali inayoibwa sana kwenye mitaa hii, tena wiki hizo hizo ambazo kila mtu anafunga mizigo. Usinunue bila risiti, bila kuona kitambulisho cha muuzaji, na bila kuandikiana. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, mwache auze kwa mwingine.

Wezi nao wana kalenda. Vyuo vikifungwa, hosteli tupu huvunjwa, na nyumba iliyo katikati ya hosteli mbili tupu inakuwa peke yake gizani. Weka taa ya nje, changia ulinzi shirikishi wa mtaa hata kama kiasi kinakuudhi, na usisafiri Septemba bila mtu wa kulala nyumbani.

Ukiwa na biashara

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mtu huja Novemba, anaona foleni ya mama ntilie, anarudi Dar kuchukua mtaji. Anapanga fremu kwa mwaka, ananunua masufuria, anachukua mkopo wenye rejesho sawa kila mwezi. Hadi Juni anacheka. Agosti anafungua mgahawa saa mbili asubuhi, na saa sita mchana amehudumia bodaboda wawili na fundi. Rejesho halijui kuwa wateja wako fildi.

Hesabu ya kwanza basi: chukua kodi ya mwaka ya fremu, pamoja na leseni na gharama nyingine zisizopungua, ugawe kwa miezi tisa badala ya 12. Kama biashara inabeba kiasi hicho, endelea. Mkopo ukikulazimu, tafuta unaokuruhusu kulipa zaidi kipindi cha wanafunzi na kidogo likizo, au weka pembeni marejesho ya Agosti na Septemba tangu Februari. Na chagua bidhaa yenye mguu mmoja nje ya chuo. Saluni ya wanafunzi peke yao inakufa likizo. Saluni iliyoko kati ya chuo na soko inapumua. Steshenari zinaonekana kama biashara ya muhula tu, lakini wajanja wanalijua dirisha la maombi ya mkopo: wahitimu wa kidato cha sita wanaojaza fomu za Bodi hufika katikati ya mwaka, wakati darasa limefungwa, wakihitaji kuskani vyeti, picha, na mtu mvumilivu anayejua fomu inakwama wapi. Kazi ya kutoa kopi yenyewe nisingeiwekea mtaji mpya. Vitini siku hizi vinatembea kwenye simu.

Hesabu ya pili ni ya madeni. Wiki ya saba baada ya bumu kila mwanafunzi ni mtoto wako, anakuita mama, anakuita anko, na anakula kwa daftari. Mpe, maana usipompa atakula kwa jirani hata bumu likitoka. Lakini weka kikomo cha wiki moja, andika jina kamili na namba ya simu anayopatikana nayo kwao, na kuanzia Juni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipe taslimu. Aliyekwisha maliza na yuko Mtwara harudi kulipa wali maharage. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa kwa kufeli, haagi.

Ya tatu ni mambo yasiyo na kalenda kabisa. Machi 18, 2020 vyuo vilifungwa kwa korona, na havikufunguliwa hadi Juni 1. Miezi miwili na nusu, katikati ya muhula, bila taarifa. Aliyekuwa na akiba ya miezi mitatu alipita. Anayejenga hosteli aangalie pia mipango ya chuo chenyewe. Dar es Salaam mwaka 2017 Chuo Kikuu kilifungua mabweni mapya Mlimani yenye nafasi 3,840 kwa mkupuo, na kila mwenye vyumba vya wanafunzi pembeni alipaswa kupiga hesabu upya. Huku kwetu SUA na Mzumbe zimo katika mradi wa HEET unaojenga vyuoni. Kabla hujamwaga zege la vyumba 20, nenda kaulize chuoni kinachojengwa ni madarasa au mabweni, na kitakamilika lini. Jenga vyumba ambavyo familia ndogo nayo inaweza kuishi, vyenye choo ndani na jiko, badala ya visanduku vinavyomfaa mwanafunzi tu.

Majirani wanaoondoka

Ubaya wa mji wa chuo ambao haumo kwenye hesabu ni huu: majirani wako watakuwa na umri ule ule milele, wewe unazeeka. Kila mwaka unajifunza majina mapya. Kijana aliyekuchotea maji, aliyekusaidia kumpeleka mtoto hospitali usiku, mnaagana Julai na simu yake unaipoteza. Wapo wanaoufurahia mzunguko huu, hasa wastaafu, wanasema unawachangamsha. Wengine baada ya miaka mitatu wanachoka na kuacha kusalimia. Sikulaumu ukiwa wa aina ya pili, ila ujue mapema.

Dawa yake ni kujenga urafiki na wanaobaki. Waluguru wanaoteremka na mizigo ya mboga kutoka milimani wapo mwaka mzima. Wenye maduka sokoni wapo. Jumuiya za kanisani na msikitini, vikoba, vikundi vya kuzikana, timu za jogging za asubuhi, vyote hivyo havifungwi UE ikiisha. Jiunge na kimoja ndani ya miezi yako ya kwanza, kabla hujazoea kuishi kwa kuwategemea vijana. Ukifiwa Septemba, hao ndio watakaojaa uwanjani kwako.

Na kwa vijana wenyewe, zungumza nao mapema. Hosteli ikihamiwa na watu wapya Novemba, nenda na salamu wiki ya kwanza, jitambulishe kwa jina, waambie una mtoto mdogo au unaamka saa kumi kuwahi treni. Spika hupungua mbele ya mtu anayejulikana kuliko mbele ya mtu anayegonga ukuta. Ikishindikana, nenda kwa mwenye hosteli, kisha serikali ya mtaa. Chuoni nako kuna mshauri wa wanafunzi na serikali ya wanafunzi, na mara nyingi malalamiko yanayopita huko hufanyiwa kazi upesi, maana hakuna mwanafunzi anayependa jina lake lifike kwa mshauri.

Mwisho, tarehe za mkataba. Ukiingia Agosti 1 na kulipa miezi sita, mkataba unakwisha Januari 31, vyumba vimejaa na mwenye nyumba anaweza kukupandishia atakavyo. Ukiandikiana mwaka mzima, hata kama unalipa kwa awamu mbili, utakwisha Julai 31, wanafunzi wamefunga mizigo na yeye anaanza kuhesabu vyumba vitupu. Sisitiza mwaka, bei isibadilike katikati, na notisi iwe ya miezi mitatu kwa pande zote. Mazungumzo ya kodi mpya yaanze yeye akiwa amesimama nje ya geti, anatazama pikapu inapakia magodoro.